Kuifumua nyumba ya Diamond: watoto wanne, mama watatu, nchi tatu

Tarehe 14 Februari 2018 ilikuwa Jumatano ya Majivu. Naikumbuka kwa sababu msusi wangu alikuwa na alama ya majivu kipajini, bado haijafutika, mkono mmoja kashika nywele zangu na wa pili kashika simu. Kwenye simu kulikuwa na waridi jeusi. Zari Hassan ndiye aliyeliposti Instagram, siku ambayo wenzake wanapeana maua mekundu, na chini yake akaeleza kwamba yeye na mwanamuziki Diamond Platnumz, basi.

Saluni yenyewe ni chumba kimoja pale Mwananyamala, feni moja, wateja watano na mtoto amelala kwenye mkeka. Hazikupita dakika tano tukawa tumeshagawanyika. Mmoja akasema mke mkubwa kaondoka, sasa mke mdogo atapumua. Wa pili akamkatiza: Hamisa Mobetto hajaolewa, kazaa naye tu. Wa tatu, mama mtu mzima aliyekuwa anasubiri kuoshwa nywele, akauliza bila hata kuinua kichwa: "Kwani na Zari aliolewa lini?"

Ikawa inasikika feni tu.

Miaka yote niliyoifuatilia nyumba hii, kwenye magazeti ya udaku, redioni na kwenye simu za watu, sijasikia swali zuri kuliko lile. Karibu kila ubishi unaoizunguka unatokana na kusuka pamoja nyuzi tatu ambazo hazikupaswa kusukwa pamoja: nani kaolewa, nani kazaa, na nani anauza habari. Kila uzi una sheria zake na maneno yake. Tuzifumue kama msusi anavyofumua rasta za mwezi uliopita, moja moja, bila kuvuta.

Kwanza watu wenyewe, kwa wale waliochelewa kuingia ukumbini. Diamond, jina lake halisi Naseeb Abdul Juma, alizaliwa tarehe 2 Oktoba 1989, akakulia Tandale, akalelewa na mama yake, Sanura Kassim, ambaye nchi nzima sasa inamwita Mama Dangote. Penzi lake la kwanza kuwa mali ya umma ni lile la Wema Sepetu, Miss Tanzania wa 2006. Wakaachana, wakarudiana, wakaachana tena, hadi 2014. Hapo ndipo akaingia Zari, mfanyabiashara wa Uganda mwenye makazi Afrika Kusini, ambaye tayari alikuwa na watoto watatu wa kiume aliowapata na Ivan Ssemwanga, aliyefariki 2017. Agosti 2015 akazaliwa binti, Desemba 2016 akafuata mdogo wake wa kiume. Agosti 2017 Hamisa, mwanamitindo wa Dar, naye akajifungua mtoto wa kiume, na tarehe 19 Septemba Diamond akakaa mbele ya kipaza sauti cha Clouds FM akakiri kwamba mtoto ni wake. Miezi mitano baadaye likaja waridi. Kabla mwaka huo haujaisha akamtambulisha Tanasha Donna wa Kenya na kutangaza kwamba ndoa ingefungwa tarehe 14 Februari 2019. Tarehe ikafika, ndoa ikaahirishwa. Mtoto wao alizaliwa tarehe 2 Oktoba 2019, siku ile ile aliyozaliwa baba yake, na kufikia Machi 2020 wazazi walikuwa wameshaachana.

Watoto wanne, mama watatu, nchi tatu. Majina ya watoto sitayaandika. Najua unayajua, lakini wao hawakuomba kujulikana.

Mke, wifi, mzazi mwenzangu

Mashabiki wa kike wa Diamond walimwita Zari "wifi". Wa kiume wakamwita "shemeji". Wema aliitwa hivyo kabla yake, Tanasha akaitwa hivyo baada yake. Kwa Kiswahili cha nyumbani wifi hapatikani kwa kuonekana pamoja kwenye picha. Anapatikana kwa posa, mahari na watu waliokula pilau. Ila sisi ni watu wa kukirimu. Mtu akishikwa mkono na ndugu yetu mbele za watu, tunampa cheo papo hapo, halafu yakiharibika tunashangaa kwa nini hana haki za cheo tulichompa.

Kinachotawala jambo hili Tanzania ni Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Inatambua ndoa ya kidini, ya kiserikali na ya kimila, na inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi. Diamond ni Mwislamu. Dini yake inamruhusu wake hadi wanne, na sheria ya nchi haimkatazi. Maana yake ni kwamba wanawake wote watatu aliozaa nao wangeweza kuwa wake zake kwa wakati mmoja, kihalali, kila mmoja na cheti chake. Kilichokosekana si ruhusa. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyefungwa naye ndoa iliyotangazwa, kwa hiyo "mke mkubwa" na "mke mdogo" ni vyeo vya saluni.

Hapa huwa kunatokea mtu mwenye hoja: "Lakini ukikaa na mwanamke miezi sita, huyo ni mkeo kisheria." Nimeisikia kwenye daladala, nimeisikia msibani, nimeisikia hata kwa mtu aliyevaa tai. Hakuna miezi sita. Kilichopo ni kifungu cha 160 cha sheria hiyo ya 1971, kinachosema kwamba mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, katika hali ambayo jamii inawaona kuwa mume na mke, mahakama itachukulia kwamba wameoana. Na hata hiyo ni dhana tu, inaweza kupingwa kwa ushahidi. Ikipingwa ikaanguka, mwanamke bado anaweza kuiomba mahakama matunzo yake na ya watoto. Kumbuka neno "kuishi pamoja". Mmoja akiwa Madale, Dar es Salaam, mwingine Pretoria, wanaonana kati ya shoo na shoo, hata kuanza kuihesabu hiyo miaka miwili ni kazi.

Sheria hiyo hiyo ina kifungu kinachomruhusu mtu aliyeahidiwa ndoa adai fidia ahadi ikivunjwa, ingawa haimlazimishi mtu yeyote kuoa. Wengi walinitumia habari hiyo Februari 2019. Jamani, kuahirisha si lazima kuwe kuvunja, na mwenye kudai ni yule aliyeahidiwa, si wafuasi wake.

Kwa hiyo nikirudi kwenye lile waridi jeusi, kilichonivutia hakikuwa ua. Zari aliandika kwamba wanaachana kama wapenzi, si kama wazazi. Kwa sentensi moja alikuwa amekata kamba pale pale inapokatika. Uzi wa mapenzi unaishia kwa posti. Uzi wa mtoto hauishi, na huo una mahakama yake.

Kutunza mtoto

Zamani mwanamke wa Tanzania aliyezaa nje ya ndoa alikuwa na sheria moja ya kumbana baba wa mtoto, sheria iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza, na sheria hiyo iliweka kikomo cha matunzo: shilingi 100 kwa mwezi. Kikomo hicho kilibaki kwenye vitabu hadi wakati shilingi 100 hainunui hata pipi za maana. Kilichoifuta ni Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sasa hakuna kiwango kilichoandikwa. Mahakama inaangalia kipato na mali ya wazazi wote wawili, gharama za maisha mahali mtoto anapoishi, na mzigo alionao mzazi kwa watoto wake wengine.

Hapo pa mwisho ndipo watu wengi hawapaoni. Baba mwenye watoto wanne kwa mama watatu, kisheria si kesi tatu zisizojuana. Kila mama akidai, watoto wa wenzake nao wamo kwenye mizani. Na kipato cha mama pia kimo. Mashabiki waliokuwa wanapiga hesabu mitandaoni, kwamba jamaa ana Rolls-Royce kwa hiyo mtoto apewe kiasi fulani, walikuwa wanasoma nusu ya ukurasa.

Hamisa alikwenda Kisutu, kwenye Mahakama ya Watoto, mwaka 2017. Pale mlango hufungwa. Mashauri ya mtoto husikilizwa faragha. Hakuna kamera ndani, hakuna wasikilizaji waliojaa kwenye mabenchi. Karibu yote tuliyosimuliana kuhusu shauri lile yalikuwa ya nje ya mlango: nani kashuka kwenye gari gani, nani kavaa ushungi, mama wa nani kamnunia nani. Nakumbuka siku moja niko kwenye foleni ya benki jirani na pale, vijana wamepanga simu juu ya ukuta kama watu wanaotega ndege. Walichopata siku ile ni migongo ya mawakili wawili na kofia ya askari.

Baba akikana mtoto, mahakama inaweza kuagiza kipimo cha vinasaba, na sampuli huenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Haimalizwi kwa kulinganisha masikio kwenye picha, mchezo ambao sisi Watanzania tunaupenda mno. Mtoto mchanga anawekewa picha ya mtu mzima pembeni, mishale myekundu, "angalieni pua". Pua haijawahi kuwa kielelezo.

Nani akae na mtoto? Kwa walio chini ya miaka 7, sheria ya Tanzania inaanzia kwenye dhana kwamba wapo vizuri zaidi wakiwa na mama, isipokuwa ithibitishwe vinginevyo. Ila watoto wa nyumba hii hawakukaa wote Tanzania. Wawili walilelewa Afrika Kusini, ambako Sheria ya Watoto ya 2005 inampa baba asiyeoa haki na wajibu wa mzazi kwa masharti: awe alikuwa akiishi na mama wakati mtoto anazaliwa, au akubali kutambuliwa kuwa baba na ajitahidi kuchangia malezi na matunzo kwa muda wa kutosha. Mmoja mama yake ni Mkenya, na Kenya jambo hili halikuachwa kwenye sheria za kawaida, limepandishwa kwenye Katiba yenyewe. Ibara ya 53 ya Katiba ya 2010 inasema baba na mama wana wajibu sawa kwa mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Baba mmoja, basi, na kila akivuka mpaka ubaba wake unapimwa kwa rula nyingine.

Bin nani?

Uzi huu ndio mgumu kuliko yote, na ndio ambao hauposti vizuri.

Kwa fiqhi ya Kishafii, yaani sheria ya dini kwa madhehebu ya Imam Shafii, ambayo Waislamu wengi wa Pwani wanaifuata, mtoto aliyezaliwa nje ya nikaha hunasibishwa kwa mama yake. Kwa baba aliyemzaa hakuna kurithiana. Sheria ya Mtoto ya 2009 haitofautishi mtoto wa ndani na wa nje ya ndoa, na inakataza mtoto kunyimwa sehemu yake ya haki katika mali ya mzazi. Lakini mirathi ya Mwislamu nchini kwa kawaida huendeshwa kwa sheria ya Kiislamu. Mambo haya mawili yanaweza kukaa kimya chini ya paa moja kwa miaka mingi, maadamu baba ni mzima na anatuma ada ya shule. Siku yakikutana, hukutana mbele ya kadhi, hakimu na msimamizi wa mirathi, na watu wamevaa nyeusi.

Dini haikuacha mlango umefungwa kabisa. Baba anaweza kumpa mtoto huyo zawadi, hiba, yeye akiwa hai. Nyumba, kiwanja, hisa, vyovyote. Anaweza pia kumwandikia wasia, maana asiye mrithi ndiye anayefaa kuusiwa, ili mradi wasia usizidi theluthi ya mali. Karatasi ya namna hiyo haina mvuto wowote Instagram. Hakuna atakayeipenda, hakuna atakayeisambaza. Lakini kwa mtoto ina uzito kuliko video elfu za baba na mwana wakicheza kwenye bwawa.

Na nyumba hii ilikuja kuonja uchungu wa nasaba kutoka upande ambao hakuna aliyeutazamia. Kwa miaka mingi tulimjua Abdul Juma kuwa baba mzazi wa Diamond. Jina lake lilikuwa katikati ya jina la mwanamuziki. Alikuwa akihojiwa na vyombo vya habari, akilalamika kwamba mtoto kamtupa. Mtoto naye akijibu kwamba mzee hakumlea. Taifa likajigawa tena, wengine wanamsema kijana asiyeheshimu mzazi, wengine wanamsema mzazi aliyerudi mavuno yalipoiva. Mapema 2021, Mama Dangote akasema hewani, kwenye Wasafi FM, kwamba baba mzazi ni mwanamume mwingine, Salum Nyange.

Fikiria kilichotokea baada ya sentensi ile. Queen Darleen, binti wa Mzee Abdul, ambaye tulimjua kama dada wa baba mmoja na Diamond na ambaye alikuwa msanii kwenye lebo yake, akawa nani kwake? Ricardo Momo, aliyekuwa akionekana mjini kama rafiki wa karibu, akawa ndugu wa damu. Ule ugomvi wote wa matunzo ya mzee, vipindi vyote vya redio, makala zote za kumlaani kijana, vilikuwa vimejengwa juu ya nasaba ambayo mama mwenye siri yake alikuwa hajaisema. Wazee wa Pwani wana msemo, kitanda hakizai haramu: mtoto aliyelelewa ndani ya nyumba ni wa nyumba hiyo, usiulize sana. Msemo ule ulikuwa ukiziba midomo ya majirani. Haukutungwa kwa ajili ya nyumba yenye redio yake.

Ndiyo, redio yake. Angalia vizuri mahali sentensi ile iliposemwa. Siri ya ukoo ilitolewa kwenye masafa ya Wasafi, kituo cha kijana mwenyewe. Hapa ndipo uzi wa tatu unapojitokeza.

Kutunza msanii

Kiki ni neno la mjini, na kila anayefanya kazi karibu na Bongo Fleva analitumia kila siku. Kutafuta kiki ni kufanya au kusema jambo ili utajwe, hasa unapokaribia kutoa kitu. Watu wengi hudhani kiki ni uongo. Si lazima. Penzi la kweli linaweza kutumika kama kiki, na hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu hata wahusika hawajui ni wakati gani wameacha kuishi na kuanza kuonyesha.

Miezi michache tu baada ya waridi jeusi ilitoka video ya wimbo wake, Iyena. Ndani yake Diamond ni bwana harusi na Zari ni bibi harusi, shela na kila kitu. Harusi pekee ya wawili hao ambayo sisi wananchi tuliwahi kuiona ni ile, na tuliiona wakiwa wameshaachana. Februari 2020 Diamond na Tanasha walitoa wimbo pamoja, Gere, wimbo wa kuwaambia watu wamewaonea wivu. Wiki chache mbele penzi likaisha. Binti wa kwanza alifunguliwa akaunti ya Instagram akiwa bado mchanga, na arobaini yake, ambayo kwa desturi zetu ni kisomo, ubani na chakula cha majirani, ikawa tukio ambalo mashabiki walilisubiri ili waone sura. Machi 2022 Zari na Diamond wakaonekana wote kwenye kipindi kimoja cha Netflix, wakiigiza maisha yao wenyewe, kama kuigiza ni neno sahihi.

Wenzetu husema haya yameletwa na simu. Mimi sikubali, na sababu yangu iko kwenye ukumbi wa taarabu.

Miaka ya 1990 Dar es Salaam iligawanyika kati ya vikundi viwili vya taarabu, TOT na Muungano. Upande mmoja Khadija Kopa, upande wa pili Nasma Khamis Kidogo. Nyimbo zilikuwa mipasho: hutajwi jina, lakini mtaa mzima unajua unayepigwa. Ubeti ukigusa, mwanamke anainuka kwenye kiti chake, anajipanga, anakwenda mbele taratibu huku noti iko juu hewani ili hasimu wake aliyekaa meza ya kushoto aione, anampa mwimbaji, anageuka, anarudi kwa mwendo ule ule. Yule hajamlipa mwimbaji tu. Amesema jambo lake mwenyewe kwa mdomo wa mwingine. Kitendo kile kinaitwa kutunza.

Sasa fungua posti yoyote ya miaka ile ya 2015 hadi 2018 usome maoni chini yake. Team Zari, Team Wema, Team Mobetto. Mwanamke aliyeachwa Buguruni anamtetea Zari kwa uchungu wa mtu anayejitetea. Mwanamke aliyezaa akakataliwa Mbagala anapigana upande wa Hamisa usiku kucha. Bando analonunua ndiyo noti aliyoinua hewani. Nguvu ileile, mipasho ileile, ila ukumbi umekuwa mkubwa na meza ya kushoto imejaa watu milioni. Na angalia jinsi Kiswahili kilivyotutania: kitenzi kilichompeleka Hamisa Kisutu ni kutunza, na kitenzi cha noti ya ukumbini ni kutunza. Tulimtunza msanii ili tujue kama anatunza watoto.

Halafu, kana kwamba kuna mtu anaandika hadithi hii na anapenda kufunga mizunguko, mwaka 2020 lebo ya Diamond ikamsaini binti wa Khadija Kopa, Zuchu, na baada ya muda mapenzi ya wawili hao yakawa ndiyo gumzo jipya. Mama mtu akihojiwa kuhusu mkwe, alikuwa anajibu kwa ustadi wa mtu aliyekulia kwenye mipasho: kila mtu anaondoka na jibu, hakuna aliyeambiwa kitu.

Serikali nayo iliwahi kuinuka kwenye kiti. Aprili 2018 aliyekuwa Waziri wa Habari, Harrison Mwakyembe, aliliambia Bunge kwamba Diamond amekamatwa na kuhojiwa na polisi kwa sababu ya video ya faragha aliyoiposti Instagram. Kwa hiyo ndani ya miezi saba, kati ya Septemba na Aprili, maisha ya nyumba moja yalipita studio ya redio, Mahakama ya Watoto, Instagram, polisi na Bunge. Sijui ni familia gani nyingine nchini imezunguka ofisi nyingi kiasi hicho bila kufiwa na mtu.

Zari baadaye aliolewa, na wengi wakaenda na maisha yao. Februari 2025, maana mambo ya nyumba hii yana mazoea na Februari, Hamisa Mobetto alifunga ndoa Dar es Salaam na Stephane Aziz Ki, wakati huo kiungo wa Yanga, kutoka Burkina Faso. Wananchi wa Jangwani, yaani mashabiki wa Yanga, wakampokea kwa jina lile lile la siku zote, wifi. Safari hii lilikuwa na nikaha nyuma yake.

Wiki ile nilikuwa tena Mwananyamala. Saluni imepata kiyoyozi, mtoto wa mkekani sasa anakwenda shule, msusi ni yule yule. Alikuwa ananifumua, kucha zake ndefu zinaniparuza kichwani, akasimama katikati ya rasta.

"Sasa dada, huyu Aziz Ki ni nani wake Diamond?"

Tukatafuta. Wanawake waliozaa na mwanamume mmoja tuna maneno ya kuwaita. Wake wa mume mmoja tunawaita wake wenza. Mume wa mama aliyezaa na wewe? Mmoja akajaribu "mume mwenza", saluni nzima ikacheka mpaka aliyekuwa kwenye draya akajitoa kichwa kuuliza kuna nini. Mwingine akasema labda "baba mwenza". Msusi akalionja neno hilo kimya kimya, mara mbili, midomo inacheza, halafu akatikisa kichwa na kuendelea kufumua.